Punje Haina Jana

Ng'ombe watatu wa Mama Masunga walikufa Jumatatu. Jumanne saa nne asubuhi mwenyewe alikuwa amesimama katikati ya darasa la mwaka wa pili, Chuo cha Mifugo Isangwa, vumbi limempanda hadi magotini, akiuliza ni nani hapa anayeitwa Kitabu.

“Maana binti yenu aliniambia, ‘Mama, ndivyo kitabu kinavyosema.’ Nimekuja kumwona huyo msemaji.”

Wanafunzi arobaini na wawili wakainamisha vichwa kama mtama uliopigwa na mvua. Safu ya tatu, Ng'washi, binti aliyewapiga sindano ng'ombe wale, alikuwa akilia bila kutoa sauti. Mbele ya ubao Nyamizi Kasanda, mkufunzi wa tiba ya mifugo, akaweka chaki chini, akajifuta mikono kwenye koti.

“Kitabu ni mimi, mama. Karibu ukae.”

“Sikuja kukaa. Viti ninavyo kwangu.” Mama Masunga akapita katikati ya madawati. Akamshika mwanafunzi mmoja sikio, akalikunja mbele kama anayekagua mbuzi mnadani, akatazama nyuma yake. Akamshika wa pili. “Hawa wametolewa punje?”

“Hawakuwekwa.”

“Hata mmoja?”

“Hata mmoja.”

Mama akapiga mluzi mdogo. Ilikuwa halali yake kushangaa. Mwaka ule, nchi nzima, hapakuwa na chuo kingine ambacho mkufunzi alikuwa bado anashika chaki hadharani.

Kwingine kote kulikuwa na punje. Kidude cha ukubwa wa punje ya mtama, hupandikizwa nyuma ya sikio siku ya kwanza ya chuo, kikawa kinanong'ona mfupani. Mwanafunzi akimgusa ng'ombe, punje humwambia huu ni ugonjwa gani, dawa ni ipi, sindano iingie wapi. Hakuna kukariri, hakuna kubishana, hakuna kuuliza kwa nini. Maarifa yenyewe hayamo kichwani mwako wala hayamo kwenye punje. Yamekaa kwa wenyewe, Kampuni ya Tambuzi, nawe unayasikia kwa hisani. Siku wakiamua wewe si mtu wao tena, punje inanyamaza, unabaki zizini na sindano mkononi kama mtu aliyeamshwa usingizini kwenye nyumba asiyoijua.

Hayo yote Nyamizi angeweza kuyavumilia, kama wenzake walivyoyavumilia. Kuna moja tu lililomshinda: punje haina jana.

Miaka kumi na minne nyuma, akiwa ofisa mifugo mpya, punje ilimnong'oneza kipimo cha dawa ya ndama: kumi. Akawadunga ndama wa kaka yake Lugoye, thelathini na mmoja, kumi kumi. Jioni ile walikuwa wamelala miguu juu. Ijumaa punje ileile, kwa sauti ileile, bila hata kukohoa, ikasema: sita. Alipokwenda ofisi za Tambuzi akakalishwa kwenye kiti cha ngozi, akachezewa sauti iliyohifadhiwa. Sita. Imekuwa sita siku zote, dada. Akaandikwa mzembe. Lugoye hakumtupia neno tena hadi alipozikwa, na Nyamizi alisimama kando ya lile kaburi akiwa ndiye mtu pekee duniani aliyejua kwamba ilikuwa kumi.

Hasira ya namna ile haipoi. Inatafuta kazi. Yeye na wakufunzi wenzake tisa wa Isangwa walikaa miaka mitatu wakiubomoa mtaala mzima, kozi kwa kozi, na kuujenga upya kwa vitu ambavyo hakuna mwenye ufunguo wake: miongozo ya zamani ambayo haki zake zimekwisha, tafiti ambazo wenyewe walizitoa bure, daftari za maofisa wastaafu, picha walizopiga wenyewe machinjioni. Kikatoka kitabu cha sura kumi na tisa kinachosomeka kwenye kishikwambi chochote, au kwenye karatasi kama huna. Chukua, nakili, ongeza, sahihisha; usimfungie mwenzako mlango, basi. Vyuo sita vingine vilikuwa vimeanza kukifundishia kwa siri, nyuma ya mgongo wa punje.

Na kilikuwa na sheria moja, ya Nyamizi, aliyoipigania hadi wenzake wakamchoka: humu hakifutwi kitu. Kilichokosewa kinapigwa mstari wa mkato na kinabaki kinasomeka, pembeni jina la aliyekosea na jina la aliyegundua.

Alhamisi Baraza la Ithibati lilikuwa linakuja kuamua kama kozi hiyo ni halali. Na Jumatano, yaani kesho yake, wanafunzi wa vyuo vyote saba walikuwa wanatoka kwenda vijijini kwenye kampeni ya kutibu nagana, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na mbung'o.

“Nieleze alivyofanya,” Nyamizi akamwambia Mama Masunga.

“Alimzungushia utepe kifuani. Akasoma humo kwenye kishikwambi chake. Akavuta dawa, akapiga. Yule mkubwa alipiga hatua nne, akaanguka.”

Dawa ya nagana haina masihara. Ikipungua haiponyi, ikizidi inaua. Lazima ujue uzito wa ng'ombe, na kwa kuwa mizani haipatikani kila kijiji, unapima mzunguko wa kifua, unasoma uzito kwenye jedwali. Jedwali la sura ya saba alilitengeneza Nyamizi mwenyewe, kwa kupima ng'ombe mia sita wa asili kwenye majosho ya wilaya nzima. Lilikuwa fahari yake. Kabla ya hapo watu walitegemea jedwali la ng'ombe wa ng'ambo, wale wenye miguu kama nguzo za kanisa.

“Mama, usikasirike. Hao watatu walikuwa wamekonda?”

Mama Masunga akavaa uso mwingine kabisa.

“Sasa unanitukana mbele ya watoto.”

Hapo hapo Nyamizi akaelewa. Ng'ombe mia sita, na wote walikuwa wananang'anika kwa unono. Hakuna mfugaji wa nchi hii anayemtoa ng'ombe mwembamba mbele ya mgeni. Afadhali akutolee mwanawe akiwa hajaoga. Yeye mwenyewe alipokuwa mtoto, wageni wakionekana kwa mbali, alikuwa akitumwa mbio kuwaswaga waliokonda nyuma ya ua wa minyaa. Alilijua hilo. Alilinyonya na maziwa ya mama. Na alipokwenda kwenye majosho na utepe wake, akaletewa walionona, akawapima, akashukuru, akaondoka, kwa sababu alikuwa na haraka ya kuwashinda Tambuzi.

* * *

Alasiri hiyohiyo walikuwa bomani kwa Mama Masunga na mizani ya chuo nyuma ya gari: Nyamizi, Ng'washi, na Mughwai, mkufunzi wa uzazi wa mifugo, aliyeandika naye kitabu kile sura kwa sura. Mughwai aliacha kazi nzuri Tambuzi kuja Isangwa, na mkewe hajalisahau hilo.

“Tunaomba wale wa nyuma,” Nyamizi akasema.

“Wa nyuma wapi? Ng'ombe wangu ni hawa mnaowaona.”

“Mama, hata kwetu nilikuwa natumwa kuwaficha.”

“Kwenu mlikuwa na wangapi?”

“Waliokonda tu, arobaini.”

“Mwongo wewe,” Mama Masunga akasema, lakini mdomo ukamcheza. Akasimama kitambo akiitazama barabara, kana kwamba majirani wote wamejipanga pale. Halafu akapaza sauti, na kutoka nyuma ya minyaa wakaja, mbavu nje kama vitanda vya kamba, ishirini na saba.

Waliwapima wote. Kifua cha sentimita mia moja arobaini: jedwali linasema kilo mia mbili thelathini na tano, mizani inasema mia moja na tisini. Mwingine, hivyohivyo. Mwingine, hivyohivyo. Ng'washi aliandika namba. Kufikia saa kumi na moja walikuwa na jedwali jipya, safu mbili: walionona, waliokonda.

Mughwai akakaa kwenye bodi ya gari na kishikwambi mapajani.

“Dada Nyamizi, nisikilize kabla hujawaka. Naweka namba mpya, namwita kila mkuu wa chuo kwa simu, namwambia wapakue upya. Kesho vijana wanapiga kipimo sahihi. Ng'ombe wanapona. Alhamisi tunapita. Mstari wa mkato tutauweka Ijumaa, na majina yote, hata la babu yangu ukitaka. Nani ameumia hapo?”

“Na wenye nakala ya karatasi?”

“Nitawapigia pia.”

“Utawaambia kwa nini?”

“Nitawaambia ni maboresho.”

“Maboresho!” Nyamizi akalitema neno. “Na huyu mama? Wake watatu walikufa kwa maboresho?”

“Siku mbili tu, dada! Ukituma huo mkato leo, kesho asubuhi uko mezani kwa Baraza, na wakili wa Tambuzi ameshauwekea fremu. Miaka mitatu! Sisi si Tambuzi, unajua.”

“Leo bado. Tukilificha hili, tumekuwa wao.”

Ndama mmoja akaja kulamba tairi.

Naye Nyamizi hakuwa na moyo wa chuma, msidhani. Alikuwa anawaona wanafunzi arobaini na wawili wakirudi makwao mikono mitupu. Alikuwa anaona jinsi ilivyo rahisi: kidole kimoja, namba mia mbili thelathini na tano inakuwa mia moja na tisini, na hakuna kiumbe atakayeweza kuthibitisha kwamba iliwahi kuwa vingine. Akaujua utamu wake. Akafikiri, kumbe yule wa Tambuzi naye, aliyeigeuza kumi kuwa sita, alikuwa mtu tu, amekaa mahali, ana watoto, ana kikao Alhamisi.

Akanyoosha mkono, akapewa kishikwambi. Akapiga mstari katikati ya jedwali lake. Pembeni akaandika: *Nimekosea mimi, Nyamizi Kasanda. Nilipima ng'ombe walionona peke yao. Ng'ombe watatu wamekufa Isangwa kwa kosa hili. Usilitumie. Jipya liko chini. Aliyegundua: Mama Masunga.*

“Umeniandika?” Mama Masunga akauliza.

“Nimekuandika.”

“Basi andika jina. Mama Masunga ni jina la jikoni. Mimi ni Kabula binti Ngolo.”

Nyamizi akasahihisha, akatuma kwa vyuo vyote saba. Kisha Kabula akaongeza, kwa sauti ya mtu anayekukumbusha usisahau mwavuli, “Wala sijakusamehe.”

“Najua, mama.”

* * *

Baraza lilikaa kwenye bwalo la chuo, chini ya mapanga ya feni yasiyozunguka. Mwenyekiti, Dokta Rwechungura, alikuwa mzee mpole mwenye sauti ya mhubiri. Kulia kwake alikaa Bwana Kileo, wakili wa Tambuzi, suti ya rangi ya majivu, ambaye kwa hakika alikuwa ameuwekea ule mkato fremu: aliutupa ukutani kwa mwanga, mkubwa kama lango la kanisa.

“Nimekosea mimi,” Kileo akasoma pole pole. “Waheshimiwa, sina la kuongeza. Kitabu kinachoandikwa na yeyote, kikasahihishwa na yeyote, kinaua. Wenyewe wamekiri. Namwita shahidi wangu, aliyeuliwa ng'ombe.”

Kabula binti Ngolo akainuka kutoka benchi la nyuma.

“Mama, hawa watu wamekuulia ng'ombe?”

“Wameua. Watatu. Na ninawachukia.”

“Asante, ma—”

“Sijamaliza, baba. Mwaka ule wa ndama, walikufa kumi na wawili kwangu. Mnong'ono wenu ndio uliosema kipimo; ofisa alikuwa anautamka kwa sauti, nami nimesimama nimeshika kamba. Kumi, alisema. Huyu dada alikuja kwangu siku ya pili, akatoka jasho, akaniandikia jina lake. Wa kwenu wewe aliyekuja kuniambia amekosea, anaitwa nani? Nitajie, nikampikie ugali.”

Bwalo likacheka. Nyamizi hakucheka. Kumi, alisema. Miaka kumi na minne alidhani ameibeba namba ile peke yake.

“Bwana Kileo,” akasema, “tangu kampuni yenu ianze, punje imekosea mara ngapi?”

“Punje huboreshwa kila siku.”

“Sijauliza kuboreshwa. Nimeuliza kukosea.”

“Hatuna kumbukumbu ya kosa.”

“Hilo nakuamini. Kwamba kumbukumbu hamna.”

Mwenyekiti akagonga meza, lakini si kwa nguvu. Wajumbe wakanong'onezana, wawili kati yao walikuwa wameinamisha vichwa upande, kama watu wanavyofanya punje inapowasemesha. Dokta Rwechungura akavua miwani.

“Binti yangu, nataka kuwasaidia. Kozi yenu nimeisoma yote. Ni nzuri. Vijana wenu nimewauliza maswali asubuhi, wamenijibu kwa vichwa vyao, jambo ambalo sijaliona miaka mingi. Ithibati naweza kuitoa leo, hapa. Sharti moja.” Akasukuma karatasi mezani. “Kitabu kisafishwe. Mikato yote itoke, majina yatoke, yabaki yaliyo sahihi. Kitu kinachobeba muhuri wa serikali hakiwezi kutembea kimejaa makovu. Mfugaji atakiaminije?”

“Mwenyekiti, umewahi kufiwa na ng'ombe?”

“Tusiende huko.”

“Ndiko tuliko. Tukiyafuta haya, kesho mwingine atapima walionona, kwa sababu hatajua kwamba mimi niliwahi kupotelea hapo. Atakufa ng'ombe mwingine, naye atafuta. Mmeshatufundisha namna hiyo ya kujifunza. Tumezika nayo. Sitii saini.”

Mzee akashusha pumzi. Kisha, kwa upole uleule, akaitelezesha karatasi hatua moja kushoto.

“Kanuni inataka saini ya mwandishi mmoja, na waandishi wakuu ni wawili. Mwalimu Mughwai.”

Nyamizi hakugeuka. Alisikia kiti kikivutwa, alisikia kalamu ikiokotwa. Akajiambia: akitia saini sitamlaumu. Akajua papo hapo kwamba anajidanganya. Angemlaumu hadi kufa, angeandika tarehe.

Mughwai aliisoma karatasi yote, mbele na nyuma, kama mtu anayenunua shamba.

“Mwenyekiti, mikato yangu mimi humo ni kumi na saba.”

“Ndiyo maana nakupa nafasi.”

“Mmoja ni wa ndama aliyetanguliza mkia. Niliandika vuta. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akaniambia, mwalimu, kwetu hatuvuti, tunamrudisha ndani kwanza ndipo tunaitafuta miguu. Nilimfukuza darasani. Nilikuwa nimetoka Tambuzi, nina akili nyingi.” Watu wachache wakaguna kwa kicheko. “Ng'ombe akafa. Nikalipigia mstari lile neno, nikaandika jina langu na la yule mtoto. Sura nzima ya uzazi, hicho ndicho kipande ambacho hakuna mwanafunzi wetu anayekisahau. Juzi hapa nilimsihi dada huyu tufiche. Nilisema siku mbili tu.” Akaweka kalamu chini. “Zingekuwa mbili kweli? Mimi najijua. Chukua karatasi yako, mzee wangu.”

Uamuzi ulisomwa saa nane mchana. Kozi ya Isangwa si halali. Vyeti vyake havitambuliwi. Wakufunzi kumi waliotajwa wasifundishe katika chuo chochote kinachotambuliwa, mahali popote nchini. Bwana Kileo akakunja fremu yake ya mwanga, akawanyooshea wote mkono. Mughwai akampa wake, Nyamizi akakataa.

* * *

Jumatatu wanafunzi waliorudi darasani walikuwa ishirini na sita. Kumi na sita walikuwa wameshapanga foleni mjini kuwekwa punje, wengine wamefuatwa na wazazi. Vyuo vingine viwili vilikitupa kitabu Ijumaa. Vinne vilituma mikato yao, mirefu, yenye majina, na viwili kati ya hivyo vilikuwa vimekuta ng'ombe waliokonda wamefichwa hata kwao. Nyamizi hakufanya hotuba. Aliwapakia ishirini na sita wake kwenye gari kuukuu la chuo, kwa kuwa nagana haisubiri ithibati.

Boma la kwanza walilofika, kijiji cha Mwasubi, lilikuwa la mzee mmoja mkali aliyekuwa amesimama langoni, fimbo imepita mabegani, mikono imening'inia juu yake.

“Nimesikia habari zenu,” akamwambia Ng'washi, aliyetangulia na utepe. “Una cheti?”

“Sina, babu.”

“Punje?”

“Sina.”

“Sasa unaingia kwangu na nini?”

Ng'washi akamtazama Nyamizi. Nyamizi hakumsaidia.

“Na kitabu,” binti akasema. “Kina makosa mia moja na nne tunayoyajua.”

Mzee akamkazia macho. Nyuma yake, zizini, waliolishwa vizuri walikuwa wamepangwa mbele, tayari kuonyeshwa. Akateremsha fimbo, akaketi juu ya gogo la lango, akapapasa nafasi pembeni yake.

“Nisomee,” akasema. “Makosa kwanza. Nikishayasikia nitajua niwatoe wepi.”

Ng'washi akaketi, akafungua kishikwambi, akaanza na kosa la sura ya saba, jina la aliyekosea na yote, kwa sauti ya kusikika hadi garini. Nyamizi akasimama palepale kwenye vumbi la lango, mbele ya watu wote, akalisikiliza hadi mwisho.